Bani, pikipiki na miche 1,500: jibu kwa mwalimu wa Urambo

Mwalimu mmoja wa Jiografia katika shule ya sekondari wilayani Urambo, mkoani Tabora, ameniandikia hivi: “Shikamoo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamepanda miche 1,500 kuzunguka shule, kwa kuwa tuliwafundisha kwamba miti hufyonza hewa ukaa na hivyo kupunguza joto la dunia. Mmoja wao akauliza: bani la baba, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, linatoa hewa ukaa, na pikipiki ya kaka inatoa hewa ukaa, je, ni hewa ileile, na miti yetu itafuta ipi? Nikakosa la kumwambia. Mwingine akadakia kwamba viwanda viko nchi za mbali, sasa sisi tunajisumbulia nini? Naomba unisaidie.”

Marahaba, Mwalimu. Mwanafunzi wako wa kwanza ameuliza swali ambalo hata kwenye semina za watu wazima hurukwa, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu mtu akilielewa vizuri, mengi yanayosemwa kuhusu kuzuia ongezeko la joto duniani yatamkalia sawa. Jibu la mkato ni hili: hewa ni ileile, ila ilikotoka ni tofauti. Deni la bani msitu unaweza kulilipa endapo utaachiwa uote tena. Deni la pikipiki msitu unaweza kulibeba kwa muda, lakini hauwezi kulifuta.

Tuanze na bani, kwa kuwa ndilo lililo karibu nanyi. Machi mwaka jana nilikesha na mkulima mmoja wa tumbaku ya mvuke katika kijiji kimoja cha wilaya yenu. Majani yalikuwa yametundikwa kwenye vijiti kutoka chini hadi karibu na paa, joto likipita katika mabomba ya bati yaliyolazwa sakafuni, na yeye kila baada ya muda akiinuka kutazama kipimajoto na kusukuma gogo ndani ya tanuru, kazi ambayo huchukua takribani wiki nzima bila moto kuachwa uzime. Gogo moja, la mtundu, mmoja wa miti ya misitu yetu ya asili iitwayo miombo, lilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Kabla halijaingia motoni nilimwomba tochi, nikahesabu pete kwenye sehemu iliyokatwa, nikafika 38. Maana yake mti ule ulianza kuvuta hewa ukaa kwa majani yake katika miaka ya themanini, ukaigeuza kuwa mbao pete baada ya pete, na kazi hiyo ya miaka 38 ikawa jivu kabla jogoo wa kwanza hajawika.

Kuni iliyokauka, ukiipima kwa uzito, karibu nusu yake ni kaboni. Ikiungua, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, ndiyo maana tani moja ya kaboni huzaa takribani tani 3.67 za hewa ukaa. Hewa iliyotoka kwenye bani lile usiku ule ilikuwamo angani wakati mkulima mwenyewe alipokuwa kijana mdogo. Mti uliiazima, moto ukairudisha. Kisiki cha mtundu ule kikiachwa, kitachipua, kwa kuwa miti ya miombo ni hodari wa kuchipua kutoka visikini na mizizini, na baada ya miaka 30 hivi sehemu kubwa ya kaboni ile itakuwa imerudi mtini. Lakini kama pale palipokatwa pamefunguliwa shamba jipya, au mifugo inang'ata kila chipukizi, au moto kichaa unapita kila Septemba na Oktoba majani yakiwa makavu, basi deni halilipwi. Wengi wetu tunaoishi Tabora tumeona namna zote mbili kwa macho yetu, wakati mwingine katika kijiji kimoja.

Petroli ni habari nyingine kabisa. Kaboni iliyomo ndani yake ilivutwa na viumbe vidogo vya baharini mamilioni mengi ya miaka kabla binadamu hajakuwapo, ikafukiwa chini ya matope na miamba, ikakaa huko nje ya mzunguko wa hewa, mimea na maji. Makaa ya mawe vilevile ni mabaki ya mimea ya kale iliyozikwa. Tunapoyachimba na kuyachoma, tunaingiza katika mzunguko kaboni ambayo haikuwamo, na hakuna kisiki kinachosubiri kuirudisha. Waambie wanafunzi kwamba lita moja ya petroli ina uzito wa takribani robo tatu ya kilo, lakini ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ukaa. Watabisha, na ni vizuri wabishe. Kisha uwaoneshe kwamba uzito ulioongezeka ni wa oksijeni iliyochotwa hewani.

Je, inawezekana kutofautisha hewa ukaa ya bani na ya pikipiki zikishachanganyika? Kwa pua na kwa kemia ya kawaida haiwezekani, lakini maabara inaweza. Miale kutoka anga za mbali huzalisha juu kabisa ya hewa yetu aina ya kaboni yenye mnunurisho, iitwayo kaboni-14, ambayo mimea huivuta pamoja na kaboni nyingine. Kiumbe kikifa, kaboni-14 iliyomo hupungua kwa nusu katika kila kipindi cha miaka 5,730. Gogo la mtundu bado linayo. Petroli, ambayo imefukiwa mamilioni ya miaka, haina hata chembe. Mwaka 1955 mwanasayansi Hans Suess, akipima mbao za miti nchini Marekani, alionesha kwamba kaboni-14 katika pete za karibuni ilikuwa imepungukiwa kwa sababu hewa ilikuwa imechanganywa na kaboni ya kale kutoka kwenye makaa ya mawe na mafuta. Naupenda ushahidi huu kuliko mwingine wowote, kwa kuwa mti wenyewe ndio umetunza kumbukumbu ya nani aliyeongeza nini.

Kiasi kilichoongezwa kinajulikana vizuri. Kabla ya zama za viwanda hewa ilikuwa na takribani sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni moja. Charles David Keeling alipoanza kupima mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, alikuta karibu 315. Leo tumepita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya bara la Antaktika yanaonesha kwamba kwa miaka 800,000 kiwango hakikuwahi kuvuka 300 hivi. Na tangu John Tyndall afanye majaribio yake London mwaka 1859 imejulikana kwamba gesi hii, ingawa ni kidogo, huacha mwanga wa jua upite lakini hunasa joto linalopanda kutoka ardhini. Ni kama blanketi ambalo kila mwaka tunaliongezea uzi.

Sasa tufanye hesabu ya miche yenu, kwa maana hapa ndipo tunapowadanganya watoto bila kukusudia. Chukua pikipiki ya bodaboda inayotumia lita 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya tani 2 za hewa ukaa, sawa na takribani kilo 560 za kaboni. Miombo inayoota upya baada ya kukatwa huweka kwenye mashina na matawi yake kati ya nusu tani na tani moja ya kaboni kwa hekta kwa mwaka. Kwa hiyo pikipiki moja inahitaji karibu hekta nzima ya msitu unaokua ili kubebewa mzigo wake, na hekta hiyo ikishajaa, baada ya miongo michache, haivuti tena kwa kasi ile. Itabidi kutafuta hekta nyingine, na ile ya kwanza ilindwe isikatwe kamwe, kwa kuwa siku ikikatwa mzigo wote unarudi hewani. Miche 1,500 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inachukua zaidi kidogo ya hekta moja. Ikipona yote, shule yenu itakuwa imebeba pikipiki moja, pengine zaidi ya hapo kama ni mikaratusi, ambayo hukua haraka kuliko miombo lakini pia huvunwa mapema.

Twende mbele kidogo. Mkoa wa Tabora una eneo la takribani kilomita za mraba 76,000. Tuseme tumehama wote, tukaacha kila hekta ya mkoa, kuanzia Igunga hadi Kaliua, iwe msitu wa miombo unaokua. Kwa wastani wa robo tatu ya tani ya kaboni kwa hekta, mkoa mzima ungefyonza kama tani milioni 20 za hewa ukaa kwa mwaka. Dunia inachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kiasi cha kutoa takribani tani bilioni 37 kwa mwaka, yaani zaidi ya tani milioni 100 kila siku. Kazi ya mwaka mzima ya mkoa wetu wote ingelipia saa 5 tu za dunia. Niliporudia hesabu hii mara ya kwanza niliisahihisha mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Kwa nini kila tani ina uzito hivyo? Kwa sababu hewa ukaa haiondoki upesi. Katika kila tani tunayotoa, bahari na mimea huchukua zaidi kidogo ya nusu. Inayobaki hukaa hewani, na sehemu yake itakuwa bado iko huko baada ya miaka elfu moja. Hivyo joto la dunia halifuati kiasi cha mwaka huu peke yake, linafuata jumla ya vyote vilivyotolewa. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi lilikadiria kwamba kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huongeza joto kwa takribani nyuzi 0.45 za Selsiasi, na kwamba kati ya mwaka 1850 na 2019 binadamu walikuwa wametoa tani bilioni 2,400 hivi. Darasani tumia pipa la maji la shule: ukipunguza bomba kutoka kujaa hadi nusu, kina cha maji hakishuki, kinapanda polepole tu. Kitasimama pale tu bomba litakapofungwa, au pale kinachoingia kitakapokuwa sawa na kinachochotwa. Ndiyo maana Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015, yaliyolenga joto lisipande zaidi ya nyuzi 2 juu ya lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda na ikiwezekana liishie nyuzi 1.5, yanadai utoaji ufike mahali usizidi ufyonzaji. Mwaka 2024 peke yake wastani wa dunia ulivuka nyuzi 1.5 kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja hautoshi kusema mpaka umevunjwa, kwa kuwa hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, lakini umbali uliobaki ni mfupi.

Bomba lenyewe, kwa hiyo, ni makaa ya mawe, mafuta na gesi, na njia za kulifunga si siri. Makaa ya mawe ndiyo yanayotoa sehemu kubwa kuliko mengine yote, na sehemu kubwa yake huchomwa kuzalisha umeme, kazi ambayo jua, upepo na maji zinaweza kuifanya. Bei ya umeme wa jua ilishuka kwa takribani asilimia 85 kati ya mwaka 2010 na 2020, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea nilipokuwa chuoni. Kwetu, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na reli ya kisasa inayotumia umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuelekea Tabora na Kigoma. Shehena inayotoka kwenye lori la dizeli na kuingia kwenye treni ya umeme wa maji ni tani za kaboni ya kale zinazobaki ardhini, na hilo ndilo lisilowezekana kufanywa na mti wowote. Saruji, chuma, ndege na meli ni kazi ngumu zaidi. Mitambo ya kunyonya hewa ukaa moja kwa moja kutoka hewani ipo, lakini kiasi inachokamata hadi sasa ni kidogo mno, nami nisingependa kijana yeyote aipe tegemeo lake lote.

Usikate tamaa juu ya miche, Mwalimu, wala usiwaambie wanafunzi wamepoteza muda. Wamefanya kazi njema kwa sababu tofauti na ile waliyoambiwa. Mikaratusi inayopandwa ili ikakaushe tumbaku inauokoa mtundu na myombo usikatwe, na msitu uliosimama ndio hazina yetu kubwa. Hekta moja ya miombo iliyokomaa huwa na takribani tani 20 hadi 40 za kaboni juu ya ardhi, na nyingine nyingi zimo udongoni. Mche unaanza na gramu. Ukiniuliza kama shule ipande hekta moja mpya au izuie hekta moja ya miombo isifyekwe, nitakuambia izuie, bila kusita.

Hapo ndipo mkaa unapoingia. Tanuri la kufukia kwa udongo, kama tunavyolijua huku, hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Kilichobaki kimekwenda na moshi, ukiwamo gesi ya methani ambayo hunasa joto kwa ukali zaidi kuliko hewa ukaa ingawa haidumu sana. Gunia la kilo 50 linalopakiwa kando ya barabara ya Sikonge limekula kilo 250 hadi 500 za kuni. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ziko taasisi, zikiwamo shule zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, zilizoagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kuna atakayesema gesi ya mitungi nayo ni kaboni ya kale, na ni kweli. Hata hivyo jiko la gesi hupoteza joto kidogo sana, na mama anayepikia gesi haachi nyuma yake kilomita za visiki wala havuti moshi. Naiona kama daraja la kufikia jiko la umeme, na sioni haya kulipendekeza.

Kuhusu kuacha msitu uote wenyewe, jirani zetu wametangulia. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kulipumzisha, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti, sehemu kubwa bila kupandwa mche hata mmoja. Sisi wa Tabora tunayo sababu nyingine ya kufanya hivyo: nyuki. Mfugaji mwenye mizinga msituni ndiye mlinzi wa moto wa kwanza, na mara nyingi nimemkuta akifyeka njia ya moto kabla bwana misitu hajapata mafuta ya pikipiki.

Nije kwa mwanafunzi wa pili, ambaye ana haki ya kuuliza alivyouliza. Mtanzania wa kawaida hutoa, kwa nishati ya kale, chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia ni kama tani 4.7, na Mmarekani hupita tani 13. Mtoto wa Urambo hakujaza pipa hili, na mtu asimbebeshe lawama hiyo. Wenye bomba kubwa ndio wanaopaswa kulifunga kwanza na kuwasaidia wengine kuruka hatua ya makaa ya mawe. Lakini kuna upande ambao ni wetu: taarifa rasmi za nchi zilikadiria kwamba kati ya 2002 na 2013 tulipoteza takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Hilo halikufanywa na kiwanda cha mbali. Vilevile hasara inatufikia sisi mapema. Ndugu zetu wa Kigoma wanaishi kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo samaki wake hutegemea upepo wa kiangazi uchanganye maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hukataa kuchanganyika. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003 zilionesha kwamba ziwa hilo tayari lilikuwa limepata joto na chakula cha dagaa na migebuka kimepungua. Mvuvi wa Kibirizi, huko Kigoma, hana bomba lolote la kufunga.

Mwisho, naomba ufanye jambo moja na darasa lako kabla ya mvua. Nendeni kwenye kipande cha miombo kilicho karibu na shule, chagueni miti 20 mikubwa na visiki 20 vyenye machipukizi, mvipe namba kwa rangi. Pimeni mzingo wa kila mti kwa utepe wa fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini, na mchore mstari pale utepe ulipopita ili mwakani mpime palepale. Kwenye visiki pimeni chipukizi refu kuliko yote. Andikeni katika daftari lenye jalada gumu, na kidato cha nne wakiondoka walikabidhi kwa wanaofuata. Miche yenu pia ihesabiwe kila Oktoba, iliyo hai na iliyokufa. Miti mikubwa mingi itaonesha ongezeko la sentimita moja au pungufu, na watoto watadhani wamekosea kupima. Warudie, wataona utepe unasema kweli. Kisha wazidishe sentimita hiyo kwa miti yote waliyoona njiani wakija shule.